Damu Isilale: Kwa Vijana Wanaoanza Kutafuta Vinasaba vya Saratani

Wadogo zangu, wiki hii nimekuta tena hapa Tabora tyubu za kofia ya zambarau, zenye dawa ya EDTA, zimewekwa kwenye friji zikiwa na damu nzima, zikisubiri basi la kesho kwenda Mwanza. Ndiyo sababu ninaandika.

Kwanza, tenganisheni mapema plazma, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe. EDTA huzuia damu isigande, lakini haizuii chembe nyeupe zisife, na zikifa humwaga DNA yao humo humo mnamotafuta vipande vya DNA ya uvimbe, ambavyo mara nyingi havifiki hata asilimia 1 ya DNA iliyomo. Namkumbuka mama mmoja aliyekwisha kufanyiwa upasuaji wa saratani ya titi, ambaye daktari wake alitaka kujua kama ugonjwa umesambaa. Damu yake ililala usiku kucha bila kuzungushwa kwenye mashine ya kutenganisha plazma. Kipimo kilipoonyesha DNA tele, kijana aliyeishughulikia alifurahi, akidhani wingi ni ubora. Kumbe vipande vilikuwa virefu mno, ilhali vya plazma huwa na jozi za besi (kipimo cha urefu wa DNA) 166 hivi. Badiliko la jeni ya PIK3CA lililoonekana kwenye uvimbe wake halikupatikana, na majibu yakaandikwa kwamba halipo. Tuliporudia kwa damu mpya iliyozungushwa mapema, lilikuwepo. Kati ya majibu hayo mawili, mama yule alikuwa amekwisha kuambiwa atulize moyo. Sitaki yeyote kati yenu awe chanzo cha mazungumzo yaliyofuata.

Kwa hiyo zungusheni kabla ya muda wa saa 4 kupita, mara mbili, ya pili kwa kasi kubwa zaidi. Safari ikiwa ndefu, ombeni tyubu zenye dawa ya kuhifadhi chembe.

Pili, msitumie seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikisha kuganda, maana damu inapoganda chembe nyeupe hupasuka. Wala heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, inayokwamisha PCR, yaani njia ya kuzidisha nakala za DNA ili ipimike.

Tatu, tabaka jeupe, yaani lile la chembe nyeupe linalokaa kati ya plazma na chembe nyekundu baada ya kuzungusha, msilitupe. Kwa wazee, chembe za damu zenyewe huweza kubeba mabadiliko ya jeni za DNMT3A, TET2 na hata TP53 yasiyotoka kwenye uvimbe. Msipolipima kando, mtamwandikia babu wa Urambo kwamba saratani yake imerudi, kumbe mmesoma umri wake. Ligandisheni pamoja na plazma kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, na kila lebo ionyeshe damu ilitolewa saa ngapi na ikazungushwa saa ngapi, kwa wino usiofutika, kabla hamjaondoka mezani.