Mkuu, "of me" siyo "yangu". Futa kabla hujatuma

Sentensi yako ya barua ya kazi, "I attach the certificate of me", ifute sasa hivi. Umeuliza vimilikishi vya Kiingereza (maneno ya kumiliki kama "my" na "her") vinatofautianaje na vihusishi (maneno ya kuunganisha kama "of" na "with"), halafu ukajijibu mwenyewe: "of" ni "ya", "me" ni mimi, basi "of me" ni "yangu". Wengi tumezama hapohapo. Usicheke, na wewe umo.

Lawama ni za waliotuandikia "of = ya, wa, cha" ubaoni, wakafuta, wakaenda kunywa chai. Hawakusema kwamba "yangu" imeshaibeba "ya" tumboni: ya + -ngu. "My" haijabeba "of" na wala haiihitaji. Inakaa mbele ya nomino peke yake: "my certificate".

Shika kipimo kimoja tu. Neno unalolitilia shaka liondoe, weka "Juma's". Sentensi ikisimama na maana ya umiliki ikabaki, ni kimilikishi. Ikigoma, sicho.

"My bag": "Juma's bag". Imesimama. "This is mine": "This is Juma's". Imesimama. "The roof of the house": "the roof Juma's the house". Takataka, maana "of" ni kihusishi, kazi yake ni kuunganisha paa na nyumba.

Anayeuma zaidi ni "her", kwa sababu ana sura moja na kazi mbili. "I went with her" ukiipima inakuwa "I went with Juma's", na mtu atauliza, Juma's nini? Basi "her" hapo ni yeye, kafuata kihusishi "with". Lakini "I went with her brother" inakubali: "with Juma's brother". Kihusishi ni kilekile "with", ila sasa "her" ni kimilikishi cha kaka.

Ndiyo maana pia tunasema "a friend of mine", kama "a friend of Juma's". Sasa angalia picha. "A photo of me" ni picha ambayo sura yangu imo. "A photo of mine" ni picha ninayoimiliki, hata kama aliyemo ni mbuzi. Kwetu zote ni "picha yangu", na hapo ndipo tafsiri ya neno kwa neno inapokuchoma.

Kipimo kinadanganya sehemu moja: "It's raining" inatoa "Juma's raining", na inasimama! Hiyo 's ni "is". Ikifunguka kuwa "it is" au "it has", si kimilikishi. "Its" ya kumiliki haina koma ya juu hata siku moja.

Andika "I attach my certificate", ndipo utume.