Maswali ya Wasomaji: Sufu, Vibuyu na Fedha za Andes

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wasomaji wanaojiandaa kwenda Peru, Bolivia na Ekuador, nchi za milima ya Andes, na karibu zote zinauliza jambo moja: nitajuaje kwamba ninacholipia kimetengenezwa kwa mkono? Tumechagua saba.

Wahariri, salaam. Naenda Cusco mwezi wa saba. Rafiki zangu waliotangulia walirudi na sweta za "baby alpaca" walizonunua kwa soli 50 za Peru, laini kweli kweli. Nami nitazipata kwa bei hiyo?

Sweta utazipata, ila sufu ya alpaca, mnyama wa Andes wa jamii ya ngamia, haitakuwamo. Sweta la soli 40 au 50 kwenye kibanda ni akriliki (nyuzi za viwandani), au akriliki iliyochanganywa na sufu kidogo, hata kama lebo ya shingoni inasema vingine. Lebo ni kipande cha kitambaa. Yeyote mwenye sindano anaweza kuishona.

"Baby alpaca" ni daraja la unene wa nyuzi, si umri wa mnyama. Ni sufu yenye wastani wa mikroni 23 kushuka chini (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Daraja linalofuata hufika mikroni 26.5, na ikizidi 30 hivi huanza kuwasha shingoni. Sufu nyembamba kiasi hicho huchambuliwa kwa mkono, fungu kwa fungu, na kazi hiyo ndiyo inayopandisha bei.

Ulaini peke yake usikudanganye, maana akriliki iliyopigwa brashi inaweza kuwa laini kuliko alpaca. Pima uzito na joto. Alpaca ya kweli ni nzito kiasi, ukiinua kitambaa kinaporomoka chini kwa ulaini, na ukikiweka shavuni unahisi ubaridi kidogo kabla hakijapasha. Akriliki ni nyepesi kwa ukubwa wake, ina joto papo hapo, na ukiisugua huvuta nywele za mkono kwa umeme. Yale mablanketi yenye manyoya yaliyosimama na picha za llama, yanayorundikwa sokoni kuanzia Pisac hadi La Paz, karibu yote ni akriliki. Ukiyapenda nunua, lakini kwa bei ya akriliki.

Ukitaka uhakika zaidi, tumia moto. Omba uzi wa sentimita 5 kutoka mshono wa ndani, toka nao nje, ushike kwa kibano na uusogeze taratibu kwenye mwali. Sufu husinyaa, hunuka nywele zilizoungua, huzima yenyewe ukiondoa moto, na jivu lake husagika kwa vidole. Akriliki huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na huacha kidonge kigumu. Pamba hunuka karatasi. Kipimo hiki hakitenganishi alpaca na kondoo, na mchanganyiko unaweza kukipiga chenga. Sufu ya kondoo utaijua kwa mkono: ukiibana inaruka, na inachoma kidogo. Wala si dosari, kwani nguo nyingi nzuri za milimani ni za kondoo.

Kuhusu vicuña, ndugu wa alpaca, ambayo wengine wanatajiwa sokoni: nyuzi zake ni mikroni 12 hadi 13, mnyama ni wa porini, hukamatwa na kunyolewa takriban mara moja kila miaka miwili, na hutoa gramu 200 hivi tu. Biashara yake inabanwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Skafu moja ni mamia ya dola katika duka lenye leseni. Skafu ya "vicuña" ya soli 100 iache hapo hapo.

Nataka kitambaa kilichofumwa kwa mkono, kile ambacho akina mama wa Kiquechua hujifunika mabegani. Nitatofautishaje na cha kiwandani?

Kinaitwa lliclla, na kitambaa chenyewe kina ushahidi wote unaouhitaji. Anza na pindo. Mfumaji wa Andes hufunga mtambo wake kiunoni, akautandaza mtande mzima, yaani nyuzi za urefu, kati ya vijiti viwili bila kuukata. Kwa hiyo kitambaa hutoka na pindo nne zilizokamilika: pembeni mshindio, uzi unaopitishwa kwa upana, umegeuka, na kwenye ncha mtande wenyewe umegeuka. Hakuna ncha iliyokatwa popote. Kitambaa cha kiwandani hukatwa kutoka kwenye jora, hivyo ncha zake mbili huwa zimekunjwa na kushonwa kwa cherehani, au zimeachwa zikaning'inia kama matamvua. Kagua kona zote nne, moja moja.

Kisha tafuta mahali kazi ilipomalizikia. Kadiri kitambaa kinavyojaa, nafasi ya kupitisha mshindio hubana, mpaka mfumaji analazimika kumalizia kwa sindano. Hapo utaona ukanda wa sentimita chache ambapo ufumaji umelegea au umebadilika, na maua hayakufika sawa. Wasiojua hudhani ni kasoro, kumbe ukanda huo ni mgumu sana kughushi kwa mashine.

Lliclla ni vipande viwili vilivyounganishwa katikati kwa mkono. Maua ya upande mmoja hayalingani kabisa na ya upande wa pili, kwa sababu kila kipande kilihesabiwa kichwani upya. Pindua nyuma: katika mifumo mingi, ua lile lile linaonekana kule nyuma rangi zikiwa zimebadilishana, nyekundu mahali pa nyeupe na nyeupe mahali pa nyekundu. Kitambaa cha mashine mara nyingi kina nyuzi ndefu zilizolegea nyuma. Mwisho shika uzi uliochomoza, ulegeze: uliosokotwa kwa pushka, kijiti cha mkononi, umekazwa sana hata hujiviringa wenyewe.

Tahadhari moja. Kipimo cha pindo nne hakihusu mitambo ya kukanyaga kwa miguu, ambayo Wahispania waliileta. Poncho na mablanketi mengi ya Otavalo nchini Ekuador hufumwa kwenye mitambo hiyo. Ni kazi ya mkono kweli, ila hukatwa. Na Otavalo hiyo hiyo ina mitambo ya umeme, kwa hiyo hapo uliza imefumwa wapi na kwa mtambo gani.

Lliclla nzuri huchukua wiki nyingi, pengine miezi, mbali na kusokota. Anayekuuzia kwa soli 60 anakuuzia cha kiwandani. Ukienda Cusco, Centro de Textiles Tradicionales del Cusco, kilichoanzishwa mwaka 1996, kina duka Avenida El Sol ambako kazi zina jina la mfumaji na kijiji chake. Kisiwani Taquile, katika ziwa Titicaca, jumuiya huuza kwa bei moja isiyopunguzwa. Huko wanaume ndio wanaofuma kofia za chullo kwa sindano, na wanawake hufuma mikanda. Sucre, Bolivia, makumbusho ya ASUR yana duka lenye kazi za Wajalq'a, jamii ya wafumaji wa huko: vitambaa vyekundu na vyeusi vilivyojaa wanyama wa ajabu wanaoelea bila juu wala chini. Hata kama hununui, pita hapo kwanza kabla ya kwenda soko la Jumapili la Tarabuco, ili jicho lako lizoee kazi bora.

Chinchero, karibu na Cusco, tulionyeshwa kidudu kikisagwa kiganjani kikatoa rangi nyekundu. Je, kila nilichokiona pale dukani kimetiwa rangi ya asili?

Onyesho ni la kweli, lakini halithibitishi chochote kuhusu rafu za duka. Kidudu hicho ni kochinili, anayeishi kwenye mpungate. Hukaushwa na kusagwa, na sufu huchemshwa pamoja na shabu ili rangi ishike. Tone la ndimu huigeuza kuwa ya chungwa, na magadi huipeleka zambarau. Kijani hutoka kwenye majani ya ch'illka, njano kwenye maua ya q'olle, buluu kwenye nili.

Rangi za asili huwa na mawimbi madogo ndani ya uzi mmoja, na hukaa vizuri zikiwekwa pamoja. Waridi inayowaka na kijani cha kung'aa gizani ni za viwandani. Hilo lisikukwaze: rangi za viwandani zimetumika Andes kwa zaidi ya miaka mia moja, na wafumaji wengi huzichagua kwa nguo zao wenyewe za sikukuu kwa sababu wanazipenda. Tatizo ni pale unapotozwa bei ya kochinili kwa rangi ya pakiti.

Kabla ya kulipa, lowesha kitambaa cheupe, kisugue kwa sekunde 10 kwenye sehemu yenye rangi nzito. Kikitoka na doa, rangi haikushika, iwe ya asili au ya dukani, na ukiifua itachafua nyeupe iliyo jirani.

Nilinunua bangili ya "plata alpaca" (plata ni fedha kwa Kihispania) La Paz. Sasa imeanza kuwa ya kijani. Ni fedha gani hii?

Si fedha, dada yetu. Alpaca hapa si mnyama, ni jina la mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Unang'aa kama fedha lakini hauna hata chembe yake. Bangili ya namna hiyo inaweza kupendeza na ikauzwa kwa haki, kwa bei ndogo. Wenye mzio wa nikeli wasiivae. Fedha halisi hugongwa alama 925 (sehemu 925 za fedha katika 1000), na Peru mara nyingi 950. Kwa hereni au pini ya shali ya bei kubwa, omba risiti iliyoandika kiwango hicho.

Je, ni adabu kuvutana bei? Na niende na mwongoza watalii?

Sokoni ni kawaida, kwa upole, na hasa ukinunua vitu vitatu vinne kwa mtu mmoja. Kwenye vyama vya wafumaji usijaribu. Bei imeshapangwa, na sehemu kubwa humfikia aliyefuma. Kwa mama uliyemkuta anafuma mbele ya nyumba yake, uliza imemchukua muda gani, kisha gawa bei kwa siku hizo. Mara nyingi utaona aibu kuomba apunguze, na hiyo ni aibu njema.

Mwongoza watalii anayekupeleka moja kwa moja kwenye "kiwanda" huwa analipwa kamisheni, nayo imo ndani ya bei yako. Mwambie mapema unataka kijiji au chama. Beba noti ndogo: sokoni noti ya soli 100 au 200 hukosa chenji. Ekuador, ambako dola ya Marekani ndiyo sarafu, noti iliyochanika kidogo yaweza kukataliwa.

Navutiwa na vibuyu vilivyochorwa na yale masanduku yenye vinyago. Vinasafiri salama?

Vibuyu vinatoka zaidi Cochas Chico na Cochas Grande, karibu na Huancayo nchini Peru. Mchoro huchongwa kwa patasi ndogo, na rangi za kahawia hupatikana kwa kukiunguza kibuyu taratibu kwa kijiti chenye kaa la moto. Pitisha ukucha: mchongo halisi unaukwama, uliochapishwa ni laini. Tumia lenzi ya kukuza kama unayo. Kwenye kibuyu kizuri cha ukubwa wa ngumi utakuta arusi nzima, wapiga zeze, ng'ombe, na mbwa chini ya meza. Kikitikiswa mbegu zikalia ndani, kumbuka hilo utakapofika forodhani.

Masanduku hayo, retablo za Ayacucho, ni ya kutunzwa zaidi. Vinyago vyake hufinyangwa kwa unga wa jasi na viazi vilivyochemshwa, hivyo unyevu huvilainisha na mtikisiko huvivunja shingoni. Jaza nafasi zote ndani kwa karatasi laini bila kusukuma, funga milango kwa utepe wa kitambaa (gundi hung'oa rangi), zungushia nguo, na ubebe mkononi kwenye ndege. Chagua la urefu usiozidi sentimita 25.

Kuna vitu vinavyokatazwa kutoka nje ya nchi?

Vipo. Vyungu na vitambaa vya kale, na michoro ya enzi za Wahispania, ni urithi wa taifa unaolindwa nchini Peru kwa sheria namba 28296 ya mwaka 2004, na Bolivia na Ekuador nazo zinalinda vya kwao. Anayekunong'oneza kuwa ana kipande cha kaburini ama anakuuzia bandia ama anakuingiza kwenye kesi. Nakala nzuri mno ya chungu cha kale inaweza kukukwamisha uwanja wa ndege. Omba cheti cha Wizara ya Utamaduni kinachothibitisha si cha kale, siku kadhaa kabla ya safari.

Acha manyoya ya kondori, ngozi za paka wa porini na vipepeo vilivyokaushwa. Shanga za mbegu, filimbi za matete na vibuyu vitangaze kwenye forodha ya nchi unayoingia. Majani ya koka, hata yakiwa chai ya pakiti, ni halali sokoni Cusco na La Paz lakini ni kosa la jinai katika nchi nyingi.

Sufu yoyote uliyonunua sokoni, kabla ya kuiweka kabatini, ifunge kwenye mfuko wa plastiki na uiweke kwenye friza kwa wiki mbili, ili mayai ya nondo yafe. Ukiifua, tumia maji baridi na shampuu kidogo, usiikamue, uilaze kwenye taulo kivulini.