Rezo inatambaa: ni msongamano, au kuna mtu amekubana?

Barua za juma hili kutoka Lubumbashi zinafanana. Watu wanalipia rezo (mtandao), mega zinaonekana kwenye simu, lakini hakuna kinachofunguka. Nimechagua saba. Majina ya makampuni nimeyaondoa, kwa sababu barua moja haitoshi kumhukumu mtu, na kwa sababu majibu mengi yangekuwa yaleyale hata ungebadilisha kadi ya simu.

Yaya, mimi nauza vitenge kwa WhatsApp, niko Katuba. Asubuhi picha zinaenda vizuri. Jioni picha moja inazunguka mpaka mteja anachoka kungoja. Wanatubana makusudi ili tununue forfe (kifurushi) kubwa? (Mama wa Katuba)

Mama, kwa hizo dalili, hapana. Huo ni msongamano. Antena moja inahudumia nyumba nyingi, na uwezo wake unagawanywa kati ya simu zote zinazovuta kwa wakati huo. Mchana watu wametawanyika: wengine mjini, wengine sokoni, watoto shuleni. Jioni wote wamerudi Katuba na kila mmoja ana video yake. Tuseme antena ina megabiti 60 kwa sekunde, na simu 60 zinavuta pamoja: kila moja inabaki na 1. Hakuna aliyegusa laini yako.

Halafu kuna SNEL, kampuni ya umeme, ambayo katika mji huu inaingia kwenye kila habari. Umeme ukikatika, antena inahamia kwenye betri au jenereta. Betri zikichoka au mafuta yakiisha, inazima, na simu zake zote zinakimbilia antena ya jirani iliyokuwa imejaa tayari. Ndiyo maana unaweza kuwa na taa nyumbani kwako na rezo ikafa kwa sababu mtaa wa pili uko gizani. Na wale wenye wifi ya nyumbani, ruta zao zikizima, nao wanahamia kwenye simu kukusukuma.

Kubana kwa makusudi kuna tabia tofauti. Msongamano unapanda na kushuka, usiku wa manane unaisha kabisa. Aliyebanwa hubaki palepale: asubuhi namba ileile, usiku namba ileile, Katuba namba ileile, mjini namba ileile. Amka siku moja kabla ya jogoo, tuma picha zako kumi. Zikienda mara moja, jua hukubanwa.

Sisemi kampuni ni safi. Kuuza kadi nyingi kuliko antena inavyoweza kubeba ni uamuzi wa mtu aliyekaa ofisini. Lakini dawa yake ni antena zaidi, na wewe kununua forfe kubwa hakutakusaidia jioni hata kidogo. Kwa sasa tuma picha za bidhaa mapema, na usichague ubora wa HD. Kitenge kinaonekana vizuri bila HD.

Nilinunua forfe ya mwezi, wameandika "bila kikomo". Juma la kwanza ilikuwa safi sana. Sasa hata PDF ya profesa haifunguki, na nikipiga simu wananiambia forfe bado ipo. (Mwanafunzi, UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi)

Wewe, mdogo wangu, umebanwa. Na inawezekana ulikubali mwenyewe siku ile ulipobonyeza "ndiyo" bila kusoma.

Makampuni mengi ya dunia yanafanya hivi kwa jina la "matumizi ya busara". Giga zako hazihesabiwi mwisho, kweli, lakini ukipita kiasi fulani mwendo unashushwa mpaka mwezi uishe. Tufanye hesabu. Tuseme wamekushusha mpaka kilobiti 128 kwa sekunde. Picha ya megabaiti 2 ni sawa na kilobiti 16,000 hivi. Gawanya: sekunde 125. Zaidi ya dakika mbili kwa picha moja. PDF ya profesa iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, yenye megabaiti 30, itachukua zaidi ya nusu saa, kama haitakatika njiani. Kwa hiyo mhudumu hakudanganya aliposema forfe ipo. Ipo.

Kesi inayojulikana zaidi ni ya Marekani. Mwaka 2014 tume inayolinda wateja kule, FTC, iliishtaki AT&T kwa kuwauzia watu intaneti ya simu "bila kikomo" kisha kuwabana, wengine baada ya giga 2 tu kwa mwezi. Tume ilihesabu wateja zaidi ya milioni 3.5 waliopatwa. Kesi ilivutana miaka mitano, na mwaka 2019 kampuni ilikubali kutoa dola milioni 60. Angalia vizuri walichoshtakiwa: tume haikusema ni marufuku kushusha mwendo. Ilisema ni udanganyifu kushusha bila kumwambia mteja wazi. Na mimi hapo ndipo ninaposimama. Rezo ina mwisho wake, mtu anayepakua filamu usiku kucha anawaumiza jirani zake, na kumwekea mpaka si dhambi. Mpaka huo uandikwe kwa herufi zilezile kubwa za tangazo.

Rudi kwao ukaulize, kwa maandishi ukiweza: kuanzia giga ngapi mwendo unashuka, unashuka mpaka ngapi, na unarudi siku gani. Mhudumu akishindwa kujibu hayo matatu, forfe hiyo usiinunue tena, hata ikipunguzwa bei.

Mkataba unasema mega 10 kwa sekunde. Kompyuta ikipakua inaonyesha mega 1.2. Huu si wizi? (Papa wa Kampemba)

Si wizi, Papa. Kampuni inauza megabiti, kompyuta inaonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Kumi gawanya kwa nane ni 1.25. Unapata karibu vyote ulivyolipia, na Kampemba nzima ina haki ya kukuonea wivu.

Nina siber (nyumba ya intaneti) hapa Kenya. Nikipima mwendo, namba ni nzuri. Wateja wakifungua YouTube, inakwama. Kampuni inaweza kudanganya kipimo? (Mwenye siber, komine ya Kenya, Lubumbashi)

Inaweza, na mara nyingine haihitaji hata kudanganya. Programu ya kupimia huchagua seva iliyo karibu, na mara nyingi seva hiyo iko ndani ya rezo ya kampuni yenyewe au kwa jirani yake. Kwa hiyo umepima njia ya kutoka kwako mpaka mlangoni kwao. Video ya mteja inaweza kutoka mbali zaidi, na ubovu ukawa huko nje.

Pima kwa njia zaidi ya moja. Tovuti ya fast.com ilitolewa na Netflix mwaka 2016, na inapima kwa kuvuta data kutoka seva zilezile zinazotoa filamu zao. Kampuni ikiwa inabana video za Netflix, ni vigumu kuipendelea fast.com bila kuiachia na filamu yenyewe. Kipimo cha kawaida kikisema 20 na fast.com ikisema 2, na hali hiyo ikijirudia siku kadhaa kwa saa tofauti, una jambo la kuuliza.

Kuna kingine kinaitwa Wehe, kilichotengenezwa na watafiti wa chuo kikuu cha Northeastern cha Boston. Kazi yake ni ya kijanja: kinatuma data inayofanana kabisa na ya YouTube, kwa mfano, kisha kinatuma kiasi kilekile cha data iliyovurugwa ili rezo isiitambue. Ya pili ikikimbia na ya kwanza ikitambaa, kuna mashine njiani inayochagua. Kinawekwa kwenye simu, bure, ila kinakula mega, basi usikifungue mwisho wa forfe.

VPN, programu inayopitisha data yako kwenye seva nyingine, nayo inasaidia kuchunguza, kwa sababu inaficha unachofungua. YouTube ikifufuka ndani ya VPN, inawezekana sana video zinabanwa. Nasema inawezekana, maana VPN hubadilisha pia njia ambayo data inapita, na pengine ulichokwepa ni kipande kibovu cha njia tu. Na kama umebanwa laini nzima kwa kupita kikomo, kama yule mwanafunzi wetu, VPN haitafanya kitu, ila kukuongezea mzigo.

Usishangae kusikia video zinachaguliwa. Mwaka 2015 T-Mobile ya Marekani ilianzisha mpango uitwao Binge On: video za makampuni kadhaa hazikukata mega, lakini mwendo wa video ulishushwa mpaka picha iwe ya kiwango cha 480p tu, cha simu ndogo. Wengi walifurahi. Mteja angeweza kuuzima, ila ilibidi kwanza ajue kwamba umewashwa.

Jambo la mwisho, na usinikasirikie: pima siber ikiwa imefungwa, kwa kompyuta moja iliyochomekwa waya kwenye ruta. Kompyuta kumi na mbili zikipakua masasisho ya Windows kwa pamoja, kampuni haina kosa.

Mwaka 2023 walituambia rezo ni mbaya kwa sababu waya umekatika baharini. Bahari iko wapi hapa Lubumbashi? (Kijana wa Ruashi)

Iko mbali, lakini hawakudanganya. Kongo inagusa bahari pale Muanda, na hapo ndipo waya wa WACS, unaotoka Uingereza mpaka Afrika Kusini, unapotuingilia. Mwezi wa nane 2023, maporomoko ya udongo chini ya bahari, kwenye korongo kubwa ambalo mto Kongo unaendelea kulichimba nje ya mlango wake, yaliukata pamoja na mwingine, SAT-3. Mto wetu wenyewe ndio ulifanya kazi hiyo. Tarehe 14 mwezi wa tatu 2024 nyaya nne zikakatika mbele ya Abidjan, WACS ikiwemo tena.

Sisi wa Lubumbashi tuna mlango mwingine: fibra inayopita Kasumbalesa, kuingia Zambia na kuelekea bahari nyingine. Kwa hiyo magharibi ikikatika hatuzimi kabisa, lakini data ya wengine nayo inageuzwa kuja kupita huku, na njia inajaa. Mlango huo nao una siku zake mbaya: mwezi wa tano 2024 ilikuwa zamu ya nyaya za upande wa mashariki, EASSy na Seacom.

Ukitaka kujua kama sababu ya waya ni ya kweli, waulize ndugu zako wa Kitwe, kule Zambia, au wa Kinshasa. Waya wa baharini hauharibiki kwa Ruashi peke yake.

Je, serikali inaweza kuamuru watu wabanwe? (Msomaji asiyetaka hata mtaa wake utajwe)

Imekwisha kufanya. Mwezi wa nane 2017, siku za joto la kisiasa, mamlaka ya kusimamia simu, ARPTC, iliyaandikia makampuni yashushe mpaka chini kabisa uwezo wa kutuma picha kwenye mitandao ya kijamii. Maandishi yapite, picha zisipite. Huko ndiko kubana kwenyewe, tena kwa barua. Tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, siku moja baada ya uchaguzi, hawakubana tena: walikata, na intaneti ikarudi baada ya siku 20 hivi.

Tuko kituo cha afya. Laini yetu inashushwa kila katikati ya mwezi, na kila tukipiga simu jibu ni moja: nunueni forfe kubwa zaidi. Starlink (intaneti ya setilaiti) imeruhusiwa, tuhamie huko, au kuna pa kushtaki?

Jibu hilo hata wazima moto wamelipata. Mwaka 2018, moto mkubwa ukiwaka California, gari la kuongozea kazi la kikosi cha Santa Clara lilibanwa na kampuni ya simu ya Verizon mpaka mwendo ukabaki kama sehemu moja ya mia mbili. Waliandika, wakaambiwa wapandishe forfe. Baadaye kampuni ilikiri kwamba mhudumu alikosea, maana desturi yao wenyewe ilikuwa kuondoa kizuizi wakati wa dharura.

Kuhusu Starlink: ilikatazwa hapa 2024, ikapata ruhusa mwezi wa tano 2025. Inakuepusha na antena ya mtaa, haikuepushi na msongamano. Nairobi, mwishoni mwa 2024, ilibidi waache kupokea wateja wapya kwa sababu eneo limejaa. Soma masharti yake kama ya wengine, na kumbuka inataka umeme saa zote.

Kabla ya kuhama, andikeni barua. Wekeni tarehe, saa, mwendo uliopimwa kabla ya kushuka na baada, picha za skrini, na nakala ya mkataba. Ombeni waandike kikomo ni kipi na kiko ukurasa gani. Pelekeni nakala mbili kwenye ofisi ya kampuni, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa ibaki kwenu. Wakinyamaza, barua hiyo yenye muhuri iende ARPTC, ambayo sheria ya simu ya tarehe 25 mwezi wa kumi na moja 2020 inaipa kazi ya kuyasimamia makampuni. Malalamiko ya kupiga simu hayaachi alama. Na kwenye barua, mstari wa kwanza kabisa, andikeni kwamba ninyi ni kituo cha afya.