Kwa mnaoanza kazi kliniki ya macho: uvimbe wa mafuta katika tundu la jicho

Ndugu zangu mnaoanza mafunzo kwa vitendo hapa Mbeya, mtoto wa jicho na presha ya macho mtaviona kila wiki, lakini uvimbe wa kweli wa mafuta ndani ya tundu la jicho mnaweza kukaa miaka bila kuuona. Tundu hilo limejaa mafuta kwa asili, kwa hiyo rangi ya njano peke yake haitoshi kuwapa jina la ugonjwa.

Nilipokuwa mgeni kama ninyi, alikuja mzee mmoja mnene kutoka Rungwe, mwenye kivimbe laini cha njano kwenye weupe wa jicho, upande wa nje kwa juu, nami nikaandika "lipoma", yaani uvimbe wa mafuta, kwenye faili kabla hata ya kumgusa. Daktari aliyenisimamia hakunikemea. Aliinua kope la juu, akalisukuma jicho nyuma polepole kupitia kope la chini, na kivimbe kikatokeza zaidi tukikitazama. Kisha akakibonyeza kwa kijiti cha pamba, kikarudi ndani. Yalikuwa mafuta ya kawaida ya tundu, yaliyochomoza kwa sababu utando unaoyazuia hulegea kadiri umri unavyosogea.

Mahali hapohapo kwa kijana mnaweza kukuta demolipoma, uvimbe wa mafuta na tishu za ngozi ambao mtu huzaliwa nao: ni ngumu kiasi, hairudi ndani ikibonyezwa, na pengine ina vinywele vyembamba juu yake. Msiikimbilie kwa kisu, kwani imepakana na vifereji vya tezi ya machozi na msuli unaogeuza jicho upande wa nje, na anayekatwa yote anaweza kubaki na jicho kavu au akaona vitu viwili viwili.

Jicho likiwa limesukumwa mbele, ombeni kwanza picha ya zamani. Kadi ya mpiga kura hutosha kuonyesha kama hali ni ya miezi au ya miaka. Pimeni pia homoni za tezi ya shingo, kwa kuwa ugonjwa wake huongeza mafuta na misuli ya tundu mara nyingi kuliko uvimbe wowote wa mafuta. (Rovu la upungufu wa madini joto, ambalo wazee wetu wa Nyanda za Juu Kusini wanalifahamu vizuri, ni jambo jingine.) Kwenye CT scan mafuta husoma chini ya sifuri, takribani -100 kwa kipimo cha Hounsfield (ambacho maji ni sifuri), lakini liposakoma ya aina ya miksoidi, yaani saratani ya mafuta, ina maji mengi na huweza kudhaniwa kuwa kifuko cha maji tu.

Hapo kinachoamua ni kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachokatwa na kupimwa maabara. Kichukueni kutoka sehemu iliyo ngumu, si pembezoni penye mafuta laini, kiwekeni kwenye fomalini ya asilimia 10, na kwenye fomu andikeni kwamba kimetoka ndani ya tundu la jicho, upande gani na kwa kina gani. Jibu likirudi "mafuta ya kawaida" ilhali jicho linazidi kusogea mbele, mpigieni simu mtaalamu wa patholojia siku hiyohiyo, kisha pangeni kuchukua kinyama kingine.