Wageni wa harusi wanaotoka mbali: chumba, nauli na nani analipa

Meza yangu safari hii imejaa harusi tupu. Barua zimetoka kila upande ila ukizisoma unakuta wote mnalia kitu kimoja: watu wanatoka mbali, watalala wapi na hela inatoka mfukoni kwa nani. Majina nimeyatoa, na zilizofanana nimeziunganisha.

Swali: Naolewa miezi sita ijayo. Tuna wageni kama 60 wanaotoka nje ya mji. Hoteli iliyo karibu na ukumbi wamenipa mkataba wa vyumba 30, Ijumaa na Jumamosi, wanasema nikisaini wiki hii bei inashuka. Mchumba wangu anasema saini haraka kabla hawajageuka, mi roho inasita. Nifanyeje?
*Bibi Harusi Mtarajiwa*

Jibu: Dada, usisaini. Walau sio wiki hii. Hiyo 30 yenu nahisi mmechukua 60 mkagawa kwa mbili, sasa watu hawagawanyiki hivo. Humo ndani kuna familia ya watoto wanne, kuna kina dada watatu watakaobanana chumba kimoja na kucheka mpaka alfajiri, kuna mjomba asiyelala chumba kimoja na mtu kwa sababu anakoroma na anajijua, alafu kuna wale wote wenye ndugu mjini ambao hoteli hawaisogelei kabisa. Waulizeni kwanza. Swali moja tu kwenye grupu, utalala hotelini, kwa ndugu, au bado hujui? Wanaosema bado hujui wahesabu nusu.

Ukishapata namba ndo unarudi hotelini, na hapo ujue kuna namna mbili za kushikiwa vyumba. Ya kwanza wanakuwekea vyumba kadhaa bila wewe kuahidi hela, kila mgeni anapiga simu anataja jina la harusi au anatumia namba maalumu ya kundi mliyopewa, analipa mwenyewe, na ikifika tarehe fulani vyumba visivyochukuliwa vinarudi kwao wanauza kama kawaida. Huna hasara. Ya pili ndo hiyo uliyoletewa, mkataba, na kwenye mkataba wa hivi kuna kifungu kinachosema lazima asilimia kadhaa ya vyumba ijae la sivyo mwenye kusaini anafidia. Asilimia 80 ni ya kawaida sana. Sa piga hesabu: vyumba 30, asilimia 80 yake ni 24, wageni wako wakichukua 17 basi kuna vyumba 7 vitupu, Ijumaa na Jumamosi zote, na bili yake inakuja kwako wewe na mume wako mkiwa bado hamjafungua hata zawadi.

Kwa hiyo omba ile ya kwanza, kwa vyumba vichache, na uombe nafasi ya kuongeza vikijaa. Kuongeza ni rahisi, kupunguza ndo kesi. Wakikataa kabisa wakasema ni mkataba tu, soma kifungu cha fidia mara mbili na uwaulize haya kwa maandishi: asilimia inahesabiwa kila usiku peke yake au jumla ya siku zote (maana wengi hawaji Ijumaa, wanakuja Jumamosi tu), mgeni aliyejibukia mwenyewe kwenye simu yake kwa bei nyingine anahesabiwa kwenye kundi lenu au hahesabiwi, na chumba mlichokiacha wakimuuzia mtu mwingine mnapunguziwa deni au wanakula pande mbili.

Kuhusu bei kushuka, ingia kwenye simu uangalie hoteli hiyohiyo kwa tarehe hizohizo kama mteja wa kawaida. Usishangae kukuta bei ya kundi iko juu kuliko ya mtu mmoja, inatokea. Na tarehe ya mwisho ya kubuku mkipewa, wageni watangazie wiki moja kabla yake, ndugu zetu dedilaini wanaikumbuka ikishapita.

Kitu kimoja zaidi, tafuteni na sehemu ya pili ya bei ya chini hata kama sio nzuri sana. Ukiweka hoteli moja tu ya gharama kuna watu wataona aibu kusema haiwezekani, watakuandikia tu kwamba wamebanwa na kazi.

Swali: Nimealikwa harusi ya mtoto wa kaka yangu, ni mbali, nauli peke yake inauma. Kadi imesema tu "karibuni sana". Sijui kama wametupangia malazi au kila mtu ajitegemee, na kuuliza naona kama naomba. Niende tu nijue hukohuko?
*Shangazi Mtu*

Jibu: Shikamoo shangazi. Usiende kujua hukohuko, utafika usiku na begi mkononi uanze kuulizia gesti. Kadi isiposema chochote chukulia unajilipia nauli na chumba, alafu uliza hata hivyo. Ukiuliza hivi haionekani kuomba: "Nataka kubuku chumba wiki hii, kuna sehemu mmewapangia wageni au nitafute mwenyewe?" Umeshaonyesha utalipa, na kama wamekupangia watakwambia palepale. Na usimuulize bibi harusi, kichwa chake kimejaa, muulize kaka yako.

Ila hapa wenye kosa ni wenye harusi na naomba wanisikie. Mnapoteza wageni kwa kuona haya kuandika mambo ya hela. Mtu akijua kuanzia mwanzo kwamba anajilipia ana miezi ya kujipanga, akijua wiki ya mwisho ananuna, na ananuna kwa haki. Tumeni meseji kama hii, mtabadilisha wenyewe:

*"Ndugu na marafiki mnaotoka mbali, tumeshikiwa vyumba hoteli A (kutembea dakika 10 mpaka ukumbini) na hoteli B (bei nafuu, gari dakika 20). Kila mgeni anajilipia chumba, piga simu utaje harusi yetu kabla ya tarehe 5. Sisi tunalipia basi la kuwapeleka ukumbini na kuwarudisha, linatoka saa 8 mchana, la kurudi ni saa 4 usiku na lingine saa 7. Ukikwama mpigie huyu, sio maharusi."*

Hakuna aliyetukanwa hapo. Na huyo wa kupigiwa awe mtu asiyekuwa na kazi nyingine siku hiyo, asiwe msimamizi wala kaka wa bwana harusi. Gari la kurudi msiweke moja tu la mwisho, wenye watoto na wazee wanachoka mapema na hamna kitu kibaya kama kumwona bibi wa watu kasinzia kwenye kiti cha plastiki anasubiri wacheza muziki wamalize.

Swali: Mimi ni msindikizaji wa bibi harusi, harusi ni Jumamosi saa 9 mchana nchi nyingine. Nimepata tiketi mbili za bei poa za mashirika tofauti, naunganisha katikati kwa saa moja na nusu, nafika Jumamosi saa 4 asubuhi. Gauni nalituma kwenye begi kubwa. Iko sawa?
*Mwenye Haraka*

Jibu: Haiko sawa hata kidogo, mdogo wangu.

Tiketi mbili tofauti maana yake hilo shirika la pili halikujui. Ndege ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, kwao wewe ni mtu ambaye hakutokea, hela imeenda. Ingekuwa tiketi moja yenye safari zote mbili wangekutafutia ndege nyingine wenyewe. Alafu kwa tiketi mbili begi lako mara nyingi haliunganishwi, inabidi ulichukue, upite uhamiaji, ukalikabidhi upya, na kuna nchi kufanya hivyo tu unahitaji viza ya kuingia. Saa moja na nusu haitoshi. Lipa zaidi upate tiketi moja, au fika Alhamisi, na kama haiwezekani kabisa basi Ijumaa asubuhi. Kufika siku yenyewe ya harusi ukiwa umo kwenye msafara wa maharusi hapana, mwalikwa wa kawaida akichelewa hakuna anayegundua, wewe picha zote zitakusubiri.

Gauni liingie na wewe ndani ya ndege. Likunje kwenye mfuko wa plastiki laini, hewa kidogo ndani inazuia mikunjo, na viatu vya siku hiyo viingie humohumo. Manukato na mafuta kwenye begi la mkononi viwanja vingi chupa isizidi mililita 100. Pawabenki ni lazima ikae mkononi, kwenye begi la kukabidhi hairuhusiwi. Zawadi usiifunge, wakaguzi wakitaka kuona ndani wanachana karatasi yote, funga ukifika.

Begi likichelewa kutokea usitoke uwanjani kwanza, nenda dawati la mizigo wakuandikie ripoti yenye namba. Kwa safari za kimataifa Mkataba wa Montreal wa 1999 unakupa haki ya kudai: begi lililoharibika andika malalamiko ndani ya siku 7 toka ulipolipokea, lililochelewa ndani ya siku 21 toka ulipopewa. Risiti za ulivyolazimika kununua usitupe.

Na kwa kuwa unavuka mpaka angalia pasi leo sio mwezi ujao, nchi nyingi zinataka iwe na miezi 6 ya uhai. Kama huko wanataka cheti cha homa ya manjano, kinaanza kukubalika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchomwa Jumatano na kuruka Alhamisi haisaidii. Kama ulishachomwa zamani usichome tena, toka 2016 cheti ni cha maisha hata kama kimeandikwa miaka kumi.

Swali: Tuko binamu kumi na mbili, tumeona ni nafuu kukodi nyumba moja kubwa badala ya hoteli. Wamenichagua mimi nilipie alafu watanirudishia. Kuna ubaya?
*Binamu Mkubwa*

Jibu: Nyumba haina ubaya, ubaya uko kwenye "watanirudishia". Wewe utalipa leo, miezi miwili baadaye mmoja amepata safari ya kazi, mwingine kagombana na mwingine, mnabaki nane na gharama ileile. Kusanya hela kwanza zote ndo ulipe, na waambie mapema kwamba anayejitoa harudishiwi mpaka alete mtu wa kuziba nafasi yake. Binamu atakayekasirika kwa hilo ndiye ambaye asingelipa.

Tangazo likisema "inalala watu 14" usiamini, hesabu vitanda kwenye picha. Ukute vitanda sita, kochi mbili zinazokunjuliwa na godoro sebuleni. Hesabu na mabafu pia, watu kumi na wawili wanajiandaa harusi saa ileile na bafu ni mbili, hapo mtachelewa nyote. Soma masharti ya kelele na ya wageni wa ziada, nyumba nyingi zinakataza sherehe na wenye nyumba wakisikia neno harusi wanashtuka, waelezeni kabisa kwamba sherehe ni ukumbini na hapo ni kulala tu. Na soma mpaka lini ukifuta unarudishiwa hela, na kiasi gani.

Swali: Basi letu linafika saa 12 asubuhi, hoteli wanasema chumba ni kuanzia saa 8 mchana. Watoto wawili na mizigo, tukae wapi?
*Mama Mapacha*

Jibu: Hoteli nyingi ziko hivyo, kuingia saa 8 au 9 mchana, kutoka kati ya saa 4 na 6. Piga simu siku moja kabla, wakumbushe mna watoto, kama chumba kilikuwa kitupu usiku huo wengi wanawapa mapema bure au kwa nyongeza kidogo. Wakisema hakuna, mizigo wataipokea risepsheni hata kama chumba bado, kwa hiyo nguo za kubadilisha watoto, miswaki na dawa ziwe kwenye kibegi cha pembeni msianze kufungua masanduku pale mlangoni. Kama harusi ni siku hiyohiyo mchana, lipia na usiku wa kuamkia. Inauma, lakini kuwavalisha mapacha kwenye choo cha risepsheni inauma zaidi.

Swali: Mama yangu anatembea kwa shida, tutapanda ndege. Niombe kiti cha magurudumu tukifika uwanjani?
*Mtoto wa Mwisho*

Jibu: Omba mapema, wakati wa kukata tiketi au angalau saa 48 kabla, ni huduma ya bure kwenye mashirika mengi. Hotelini uliza kama lifti ipo na inafanya kazi, na uliza bafuni kuna ngazi au ukingo wa kuvuka. Picha haziwaonyeshi hayo.

Swali: Nilikata tiketi ya kwenda na kurudi, sasa kaka ana gari anakwenda, nataka niende naye alafu nirudi na ndege.
*Mpenda Lifti*

Jibu: Piga simu kwa shirika kabla hujapanda hilo gari. Usipopanda ndege ya kwenda bila kuwaambia, wengi wao wanafuta na ya kurudi, utajua uko kaunta na begi lako.

Swali: Siku mbili baada ya harusi tunaruka fungate nje ya nchi. Tiketi yangu niandikishe jina la mume?
*Mrs Mtarajiwa*

Jibu: Andikisha jina lililo kwenye pasi utakayobeba, herufi kwa herufi. Viza nayo iwe hivyohivyo, na hoteli ya fungate waambie majina yote mawili ili risepsheni wasianze kukuuliza wewe ni nani. Pasi utabadilisha mkirudi.