Barua kwa mwanangu: Isome kwa sauti

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma na kumsomea mama yako. Sisi huku Muyeye hatujambo, na kusi limeshaanza kuvuma. Unaniuliza ufanyeje ili upate mazoea ya kusoma Biblia na kuitafakari kila siku, na kama ni bora usome alfajiri kabla ya kuingia zamu au usiku ukishatoka, kwa kuwa ule mpango wa kuimaliza kwa mwaka mmoja ulioanza nao Januari umekukwamisha katika Walawi.

Kukwama Walawi si jambo la ajabu. Biblia yetu ina sura 1,189, na anayetaka kuzimaliza kwa mwaka hana budi kusoma sura tatu na zaidi kila siku, jambo linalomfikisha Walawi mapema, kabla mazoea yenyewe hayajakomaa, na hapo anakutana na sadaka za kuteketezwa, wanyama safi na wanyama najisi, na ukoma wa nguo na wa nyumba. Wengi hufunga kitabu papo hapo. Wanaofunga kwenye sura ya 11 au ya 13 hawakufika sura ya 19, na hilo ndilo linalonisikitisha, maana huko ndiko ilikoandikwa amri ya kumpenda jirani yako kama nafsi yako, ambayo watu hudhani ilianzia kwenye Injili.

Lakini kuhusu saa, nikiri kwamba swali hilo halinishiki kama lile ambalo hukuliuliza: unamsomea nani? Nina hakika unasoma kimya, peke yako, kwenye simu, macho yakiteleza juu ya mistari huku akili iko wodini. Nimekuambia tangu ukiwa mdogo, nami narudia, kwamba Neno huingia kwa sikio. Paulo anawaandikia Warumi kwamba imani chanzo chake ni kusikia. Filipo alipolikimbilia gari la yule towashi Mkushi, alimsikia anasoma kitabu cha nabii Isaya, na asingemsikia kama angekuwa anasoma kimoyomoyo. Tena katika mlango wa kwanza wa Ufunuo heri wanapewa asomaye na wanaosikia, wote kwa pamoja. Wala wewe, uliyelala na kuamka ukiwasikia watoto wa chuo wa jirani zetu wakisoma Kurani kwa sauti, hukupaswa kuambiwa hili na mimi.

Unajua bibi yako hakuwahi kuingia darasani. Kila jioni, chakula kikishaliwa, kandili lilisogezwa karibu na mkeka, na mmoja wetu akaisoma ile Biblia ya jalada jeusi: kwanza shangazi yako, na alipoolewa nikasoma mimi, kisha baba yako mdogo. Bibi aliendelea kusuka makuti yake, na kama hujamjua ungedhani hasikilizi, mpaka mikono isimame, aseme, "Rudia hapo." Ulirudia. Pengine ulirudia mstari mmoja mara tatu, naye hasemi kwa nini. Baada ya hapo aliuliza swali moja tu, la mtu anayetaka kujua habari za watu: je, Hajiri alikuwa na maji kiasi gani alipofukuzwa? Yule mwana mkubwa aliporudi kutoka shambani, hatimaye aliingia karamuni au alibaki nje? Hatukuwa na majibu, na tulilala nayo maswali hayo.

Ile siku ya mhubiri umeisikia mara nyingi, lakini vumilia niiandike, kwa sababu bado inanichoma na kunifurahisha kwa kadiri ileile. Alikuja kuongoza ibada nyumbani kwetu, ua umejaa majirani, akachagua Zaburi ya 136, ile yenye mistari 26 ambayo kila mmoja unamalizika kwa kusema kwamba fadhili zake ni za milele. Alikuwa na haraka. Alipomaliza kuvuka jangwa akaruka moja kwa moja hadi kwenye kugawiwa nchi, akaendelea mpaka mwisho, watu wakaitikia amina. Ndipo bibi yako akasema kutoka pale mkekani, bila kupaza sauti, "Mwalimu, umewaacha Sihoni na Ogu." Mhubiri akatabasamu, akawageukia watu, akasema kwamba mama huyu hajui kusoma, na asiyejua kusoma husamehewa. Watu wengine walicheka. Mimi nilikuwa kijana, nimesimama kando ya mlango, na kicheko kile nakisikia hadi leo. Shangazi yako, ambaye siku hiyo alikuwa amekuja kututembelea, alifungua Biblia yetu akasoma mstari wa 19 na wa 20 kwa sauti iliyofika barabarani: Sihoni, mfalme wa Waamori, na Ogu, mfalme wa Bashani. Hakuna aliyecheka tena. Bibi alisema "ahsante," akarudi kwenye makuti yake.

Babu yako hakupendezwa. Alishikilia kwamba mgeni hasahihishwi mbele ya watu akiwa nyumbani mwako, na kwamba bibi angengoja chai. Kuna siku nakubaliana naye, kwa kuwa adabu ya kwetu ndiyo hiyo, na mhubiri yule hakukusudia ubaya kwa kuruka mistari. Lakini nikikumbuka neno alilolisema mbele ya majirani, naona bibi alikuwa mpole kupita kiasi. Wafalme wale wawili aliwajua kwa sababu alisomewa jioni baada ya jioni, kidogo kidogo, na masikio yake hayakukubali kupunjwa.

Na usidhani kutafakari kwake kuliishia kwenye kukumbuka. Jioni tuliyomsomea Walawi 19, mahali BWANA anapowakataza Israeli kuvuna pembe za mashamba yao, mikono yake ilisimama na nikarudia. Mavuno yalipofika kule Ganda, alituambia tuiache mistari miwili ya mahindi upande wa njia, na mjane aliyekaa karibu na mwembe akaja kuivunja. Hatukuelezwa, wala hatukuuliza.

Sasa utaniambia kwamba unakaa peke yako huko Mombasa, na kwamba simu inaweza kukusomea Biblia nzima kwa sauti nzuri kuliko yangu. Nimeliwaza hilo. Ni sikio pia, na mtu aliyechoka na zamu bora asikilize kuliko kuacha. Hata hivyo simu haiulizi kitu, wala haijui kwamba leo umepita juu juu. Basi angalau uisome wewe kwa sauti, hata kama ni aya moja, na uirudie. Lakini nikisema aya moja, najipinga mwenyewe, kwa maana anayesoma aya moja moja huchagua zile tamu, na Sihoni na Ogu hawatamfikia kamwe. Labda uufuate mpango wako bila kujali tarehe, ukichukua miaka mitatu badala ya mmoja. Labda. Kuhusu alfajiri au usiku, mimi ni mtu wa jioni kwa malezi, ingawa Marko anasimulia kwamba Bwana wetu aliondoka alfajiri na mapema sana akaenda kuomba mahali pasipokuwa na watu. Wewe ndiwe unayezijua zamu zako, kwa hiyo sitakuamulia, japo kunyamaza kunanigharimu.

Jumapili mama yako na mimi tutakuwa nyumbani kuanzia magharibi. Piga simu ukishakula, uwe umefungua Walawi 19, usome tukusikie. Mama yako anasema usisome haraka.

Ni mimi baba yako,
Malindi