Muulize Mwalimu wa Drifti: Mikono Imehitimu, Makalio Bado

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 19, na kwa miaka miwili nimekuwa nikipiga drifti, yaani kutelezesha mkia wa gari kwenye kona kwa makusudi, kwenye Assetto Corsa, simuleta ya kuendesha magari kwenye kompyuta. Nina usukani, pedali tatu na breki ya mkono ya kuchomeka. Kona ndefu nazipita kiubavu bila kugusa ukuta. Mjomba ana gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, na wiki mbili zijazo atanipeleka kwenye uwanja wa mazoezi uliofungwa. Rafiki zangu wananicheka, wanasema gari halisi litanizungusha kama pia. Je, miaka miwili nimeitupa bure?
Kijana wa Skrini

JIBU: Marahaba mwanangu. Gari litakuzungusha kama pia, hapo rafiki zako wamepatia. Walipokosea ni kudhani kwamba ukizunguka basi hujui kitu.

Na mimi nilianzia kwenye simuleta. Siku nilipokaa kwenye gari halisi, zege lilikuwa limemwagiwa maji na katikati kumesimikwa koni moja. Niliweka gia ya pili, mwendo kama kilomita 30 kwa saa, nikavuta breki ya mkono. Mkia ukatoka. Mikono ikarudisha usukani kinyume, upande sahihi na kwa kiasi sahihi, wala haikuniuliza. Mwalimu aliyekaa pembeni yangu akaguna, nadhani hakutegemea. Hapo hapo mguu wa kulia ukaachia mafuta yote, kama umekanyaga kaa la moto. Tairi za nyuma zikashika ghafla huku usukani bado umegeuzwa, gari likatupwa upande wa pili, likazunguka mara mbili na injini ikazimika. Koni tuliikuta chini ya bampa.

Mikono ilikuwa imefanya kazi yake. Ulionisaliti ni mguu, kwa sababu mguu ulikuwa haujawahi kuogopa.

Kwa hiyo usiidharau hiyo miaka miwili. Mtu anayekuja kwangu akiwa amezoea barabara tu, nusu siku nzima nambishia jambo moja: mkia ukishatoka, mafuta ndiyo yanayoushikilia pale. Ukiyaongeza pembe inakua, ukiyapunguza taratibu inapungua, ukiyakata ghafla yanakupata yaliyonipata. Yeye akili inamwambia akanyage breki. Wewe hilo umelifanya maelfu ya mara. Unajua pia kuhamisha uzito wa gari kabla ya kona, na unajua usukani urudi lini. Hayo yote unaingia nayo ndani ya gari.

Kinachobaki nje ni mwili. Kwenye skrini unajua mkia umetoka kwa kuona: picha inahama, na usukani unabadilika uzito mkononi. Kwenye gari habari inaanzia kwenye kiti. Makalio yanasukumwa, kiuno kinavutwa, sikio la ndani linasema tunageuka, na macho ndiyo yanafuata. Tatizo la mtu wa simuleta ni kwamba amejizoeza kuyasubiri macho. Gari linamnong'oneza mapema, yeye hasikii, anakuja kushtuka linapopiga kelele. Saa ya kwanza utajiona huna maana kabisa. Halafu katikati ya mzunguko mmoja hivi utagundua umerudisha usukani kabla hujaona chochote. Wanafunzi wangu wengi wa skrini wakishafika hapo huniambia gari halisi ni jepesi kuliko simuleta, na siwabishii.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu usukani, maana huu ndio ugonjwa wenu mkubwa. Magurudumu ya mbele ya gari yamefungwa kwa mwinamo unaoyafanya yapende kuelekea kule gari linakokwenda kweli, kama vile magurudumu ya toroli yanavyojipanga yenyewe ukilisukuma. Mkia ukitoka, usukani unajizungusha wenyewe kwenda kinyume, na kwa kasi. Kazi yako ni kuuachia upite katikati ya viganja, kisha kuudaka pale pembe inapokutosha. Usukani mdogo wa simuleta una mota dhaifu, haukimbii hivyo, kwa hiyo mmezoea kuuzungusha kwa nguvu za mabega. Ukifanya hivyo kwenye gari utachelewa kila mara. Na tafadhali, vidole gumba vikae juu ya duara la usukani, visiingie ndani kwenye vyuma vya katikati. Mimi nilikibana cha kushoto siku ile ile ya koni, nikakaa siku kumi nikifunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja.

Macho nayo yana mazoea yake. Skrini moja inakufundisha kutazama mbele tu, na kichwa hakina haja ya kugeuka. Gari likiwa kiubavu, njia yako haiko mbele ya boneti, iko kwenye dirisha la pembeni. Geuza shingo. Ukikazia macho koni, utaigonga koni.

Kwa wiki hizi mbili, achana na yale magari ya mashindano yenye nguvu za kupindukia na magurudumu ya mbele yanayokunjika hadi nyuzi 60. Gari la mjomba, kama halijafanyiwa marekebisho, huenda halikunji kupita nyuzi 40, na pembe unayoichezea kila siku kwenye skrini italizungusha. Chagua gari la kawaida lenye nguvu ndogo, weka usukani uzunguke nyuzi 900 (mizunguko miwili na nusu), zima misaada yote ambayo mchezo humpa dereva, punguza mshiko wa njia, kisha zunguka duara moja kwa gia ya pili mpaka uchoke. Najua inaboa. Siku yenyewe utafanya hicho hicho.

Siku ikifika, omba kwanza uendeshwe na mwenye uzoefu, wewe ukae kando, mikono mapajani, usikilize kiti tu. Mara mbili zinatosha. Uwanja umwagiwe maji, maana kwenye maji mkia unatoka kwa mwendo mdogo na tairi haziishi haraka. Vaa helmeti, funga mkanda, kaa karibu na usukani kuliko unavyokaa nyumbani. Na kuna jambo ambalo kwenye kompyuta hukulihitaji, kwa sababu kule kuna kitufe cha kuanza upya: gari likikushinda na kuanza kuzunguka, kanyaga klachi na breki kwa pamoja, ubaki umekanyaga hadi lisimame. Wanafunzi wa skrini huendelea kupigana na usukani mpaka mwisho, wakitumaini. Wewe usitumaini, kanyaga.

Lipumzishe gari pia. Kupigapiga klachi ili mkia utoke, kwenye pedali za mezani ni bure. Kwenye gari kila pigo linapita kwenye sahani ya klachi, giaboksi, shafti na difu inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma. Ukisikia harufu ya kuungua, toka uwanjani, fungua boneti, tazama mshale wa joto. Ukirejesha gari la mjomba zima, utapewa tena.

Uliposema uwanja uliofungwa nilifurahi. Ungesema barabarani nisingekujibu.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mwanangu anakesha kwenye simuleta akisema kuna mtu alitoka kwenye mchezo akawa dereva wa kweli wa mashindano. Ni kweli, au ananizuga nisizime kompyuta?
Mama Asiyelala

JIBU: Nzuri mama, pole na usingizi. Hakuzugi, ila amekusimulia nusu. Jann Mardenborough, kijana wa Uingereza, alishinda shindano la GT Academy mwaka 2011 akitokea kwenye mchezo wa video wa Gran Turismo, na mwaka 2013 yeye na wenzake walimaliza wa tatu katika daraja la LMP2, daraja la pili la magari maalumu ya mbio, kwenye mbio za saa 24 za Le Mans huko Ufaransa. Nusu ambayo hukusimuliwa ni kwamba washindi wa shindano lile walipelekwa kwanza kwenye mafunzo ya magari halisi, chini ya makocha. Na zile ni mbio za kasi, ambako kuteleza mkia ni kupoteza muda. Drifti ni mchezo mwingine, unapewa alama na majaji. Hata hivyo macho na mikono vinafundishika kwenye simuleta kwa yote mawili. Kinachonitia shaka kwenye barua yako ni hilo neno anakesha. Mkono uliochoka unajifunza makosa. Mwambie mwalimu amesema saa moja kwa siku, akiwa macho, kwa gari moja. Asipokuamini mwonyeshe ukurasa huu.

SWALI: Kwa simuleta ya nyumbani nianze na kipi, kiti kinachotikisika au breki ya mkono?
Mwenye Haraka

JIBU: Breki ya mkono, iliyofungwa pale pale ambapo mkono wako utaikuta kwenye gari. Kile kiti kinaweza kukuinamisha na kukutetemesha, lakini hakiwezi kukusukuma ubavuni kwa sekunde nne mfululizo, na hizo sekunde nne ndizo Kijana wa Skrini anakwenda kukutana nazo wiki mbili zijazo. Kijana, ukitoka uwanjani niandikie. Nataka kujua koni mliikuta wapi.